Mitungi ya Siki Uani kwa Mwalimu Kang

Houxi, wilaya ya Yongchun
11 Machi 1984

Kaka Teng Kui,

Usishtuke, hakuna aliyekufa. Najua mtu wa ng'ambo akipata barua ya nyumbani asiyoitarajia huanza kuwahesabu wazee wake, ndiyo maana nimelitanguliza hilo.

Ni mimi Suluan, binti wa mwalimu wako Kang, yule aliyekuwa akifunua mitungi ya siki asubuhi wakati nyinyi mnapiga kelele uani. Ulipopanda meli nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina hamsini na tisa, ni mjane, nimerudi kwenye nyumba ya baba, naishi na mdogo wangu Zhenlu na mke wake.

Shida ni hii. Serikali inahesabu michezo ya ngumi nchi nzima. Huku kwetu anahesabu Bwana Yao, afisa mwenye baiskeli na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila kijiji kionyeshe mchezo wake wote, mwanzo hadi mwisho, kisha kitaje nani alimfundisha nani. Kisichoweza kuonyesha mchezo mzima kinaandikwa tawi la kijiji jirani. Kwetu atakuja tarehe ishirini Novemba, na kijiji jirani ni Dapu. Niliolewa Dapu, kwa hiyo nawajua. Wamechonga kibao kipya cha kumheshimu mwasisi wa mchezo, binti Fang, wakakipaka rangi ya dhahabu. Rangi yenyewe bado inanuka.

Zhenlu anajua sehemu ya kwanza na ya pili ya mchezo wetu, Korongo Mweupe. Ya tatu baba hakumpa mtu kabla ya miaka kumi ya mazoezi, akafa Zhenlu akiwa amefanya tisa. Wewe peke yako alikuvunjia sheria, siku ile unaondoka: mlifunga mlango wa ua saa nzima, na kijiji kizima kinajua mlikuwa mnafanya nini.

Zhenlu hawezi kukuandikia. Anasema mdogo haombi, anangoja. Nimemwambia Novemba haingoji. Kwa hiyo naomba mimi, ambaye simo kwenye safu ya wanafunzi na sina cheo cha kuvunja. Tuandikie sehemu ya tatu.

Suluan


Muar, Malaysia
9 Aprili 1984

Mdogo wangu Suluan,

Nilikaa kwenye kiti kwanza, ndipo nikafungua. Ahsante kwa sentensi yako ya mwanzo.

Mwambie Zhenlu ana adabu, na adabu hiyo alifundishwa na Mwalimu. Kwenye safu yetu mkubwa ni aliyetangulia kupiga magoti mbele ya kibao, si aliyetangulia kuzaliwa. Unamkumbuka yule mchinja nguruwe mwenye masharubu? Alipiga magoti siku mbili baada yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye ana watoto wanne, na aliniita kaka mpaka siku naondoka. Kila akiniita nilimtuma chai.

Utafurahi kusikia kwamba mbegu ya uani kwenu imeota mbali. Nina ukumbi hapa Muar, juu ya duka langu la dawa, ambako asubuhi naunga mifupa na jioni nafundisha. Wamepita mikononi mwangu watu mia tatu na zaidi. Mmoja amefungua ukumbi Ipoh, mwingine Medan, mwingine Surabaya, na huyo wa Surabaya ana wanafunzi wengi kuliko mimi, jambo ambalo sijamsamehe. Wakiniuliza kwa nini sisi, baada ya hatua ya nne, tunapinda kushoto badala ya kwenda moja kwa moja, nawaeleza: korongo anazunguka bwawa, hakanyagi maji aliyoyatibua mwenyewe. Wanaandika kwenye madaftari yao.

Juu ya sehemu ya tatu: ni jambo zito, halitaki haraka. Na mkono wangu una baridi yabisi, kuandika kunanitesa. Tutaona.

Natuma makopo mawili ya biskuti na mafuta ya kuchua ya kutosha kijiji.

Kaka yako,
Gan Teng Kui


Houxi
2 Mei 1984

Kaka Teng Kui,

Mafuta yamefika. Biskuti zimefika pia. Kopo moja Zhenlu amelificha nyuma ya gunia la viazi vitamu na anadhani sijui.

Nakupa pole ya mkono. Nimeona jinsi ulivyoteseka kuandika kurasa nne za habari za ukumbi wako.

Jana sokoni nilikutana na shemeji yangu Xu, mkuu wa ngumi wa Dapu. Alikuwa anachagua bata, akapaza sauti ili muuzaji naye afaidi: "Shemeji! Mwambie Zhenlu asijichoshe. Mtoto aliyepotea njia mwisho wake hurudi kwa mama. Tutawapokea, hatuna kinyongo!"

Nikamwambia, "Mama gani huyo, shemeji, ambaye bado rangi haijamkauka?"

Muuzaji wa bata alicheka, lakini kicheko cha sokoni hakiandikwi kwenye daftari la Bwana Yao. Jambo linalonikera ni kwamba Dapu nao wana sehemu mbili tu. Wameongeza tatu za kujitungia, zenye kuruka sana. Bwana Yao anapenda kuruka.

Ukijiuliza kwa nini haya yananihusu mimi, hata mimi huwa najiuliza. Mchezo wetu ulibuniwa na mwanamke. Binti Fang alitaka kumfukuza korongo kwa fimbo, korongo akamshinda, akakaa chini akajifunza. Hivyo ndivyo baba alivyowasimulia nyinyi kila mwaka mpya. Halafu akaapa mbele ya kibao cha mwanamke huyohuyo kwamba binti hafundishwi, kwa kuwa binti huolewa na kuupeleka mchezo kwa wakwe. Nilimuuliza mara moja imekuwaje. Akaniambia nikafunike mtungi.

Tuma, Kaka. Hata kwa mkono wa kushoto.

Suluan


Muar
6 Juni 1984

Mdogo wangu Suluan,

Nimeandika. Karatasi tatu zilizoambatanishwa hapa ndizo sehemu ya tatu kamili, hatua thelathini na mbili, kama ninavyoifundisha. Zhenlu aangalie hasa ya saba hadi ya tisa: hatua tatu mbele kwa mstari ulionyooka, mabawa yamekunjuliwa kabisa, kama korongo anayekimbia juu ya tope kabla ya kuruka. Hapo ndipo roho ya mchezo ilipo. Wanafunzi wangu wa Medan walipoipiga mbele ya watu, mzee mmoja alitokwa na machozi.

Asimwonyeshe mtu wa Dapu.

Kaka yako,
Gan Teng Kui


Houxi
1 Julai 1984

Kaka Teng Kui,

Nimezisoma karatasi zako nimesimama uani. Zhenlu sijampa. Anajua barua imefika, nimemwambia wino umeloa.

Sijui yule mzee wa Medan alilia nini. Mimi ningelia, maana kwenye hatua ya nane umevunja mtungi wa tatu wa mama yangu, na kwenye ya tisa umevunja wa nne, ule wa siki ya miaka kumi.

Umesahau mitungi, Kaka? Ilikuwa saba. Minne kwenye mstari toka mlango wa jikoni hadi kisimani, mitatu ukutani. Jiko la pamoja la kijiji liliichukua mwaka hamsini na nane na haikurudi, lakini duara zake ziko kwenye mawe mpaka leo. Nafua nguo juu yake. Baba hakuwa na ua mwingine. Mnapinda kushoto baada ya hatua ya nne kwa sababu hapo ulikuwa mtungi wa kwanza. Viwiko mnavibana mbavuni kwa sababu mkono wa shati ulikuwa ukiangusha vifuniko, na aliyeangusha kifuniko alichapwa. Wewe ulichapwa mara nyingi, nilikuwa nahesabu.

Bwawa hatujawahi kuwa nalo.

Mtu anayekunjua mabawa na kukimbia mbele hatua tatu hakujifunza uani kwetu. Kwa hiyo nakuuliza, na naomba jibu fupi: saa ile mlipofunga mlango, baba alikufundisha nini?

Suluan


Muar
29 Julai 1984

Suluan,

Kufunga mtungi wa siki usimwagike melini.

Umetaka fupi, hiyo ndiyo fupi. Alinipa mtungi mdogo nimpelekee binamu yake Melaka. Tulifunika kwa jani la mgomba, tukapaka udongo, ukavuja, tukaanza upya. Saa nzima. Nilipotoka watu walikuwa wamejaa barabarani wananiangalia kwa heshima, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, nikavimba kifua.

Huku, mwaka hamsini na moja, mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alinitania mbele ya wanafunzi wangu: "Korongo wako ana mbawa mbili na hana mkia?" Kesho yake nikawaambia mkia, yaani sehemu ya tatu, ninao. Nikautunga kwa wiki tatu, kwenye ghala tupu la utomvu wa mpira, pana kama uwanja. Ndiyo maana mkia wangu unakimbia.

Watu mia tatu, Suluan. Na wanafunzi wao. Mitungi niliisahau kweli. Nimefundisha bwawa miaka thelathini hadi nikawa nalisikia harufu.

Sasa niulize na mimi. Zhenlu hakufundishwa. Wengine wamekufa. Wewe umejuaje ipi si yenyewe?

Teng Kui


Houxi
20 Agosti 1984

Kaka Teng Kui,

Kwa sababu ipi ni yenyewe naijua.

Baba aliipiga kila alfajiri peke yake. Alikuwa akiangalia kwanza kama kuna mtu uani. Nilikuwepo mimi, nafunua mitungi ipate jua. Akaona hakuna mtu, akaanza. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka saba, nikaiacha nilipoolewa nikiwa na kumi na tisa. Miaka kumi na miwili, toa siku za mvua. Nikienda kisimani miguu yangu ilikuwa inaenda yenyewe. Kule Dapu nilikuwa naipiga zizini mume wangu akiwa shambani, nguruwe ndio mashahidi. Watu wa Dapu hawajui mpaka leo, na hapo ndipo penye mfupa.

Nikisimama mbele ya Bwana Yao nikaonyesha, ataniuliza mimi ni wa wapi. Kwa karatasi za ndoa mimi ni mtu wa Dapu. Shemeji Xu atakuwa amefika kabla sijakunja mikono: "Huyo ni wetu!" Baba atakuwa alisema kweli juu ya mabinti, na nitakuwa mimi niliyemthibitisha. Na Zhenlu sitamfundisha mimi. Anaweza kujifunza kwa kaka wa ng'ambo, kwa dada anayemfulia soksi hawezi. Kwa hiyo nilikuandikia wewe, nikidhani unayo. Yako na yangu zingekuwa moja, nami ningemaliza maisha yangu nikifua nguo kwa amani.

Nyuma ya ukurasa huu iko yote, hatua ishirini na nne tu. Haina kuruka. Anaanza mgongo ukiwa mlangoni, anapita kati ya mtungi wa kwanza na wa pili kwa ubavu, tumbo amelivuta, na kila pigo halizidi urefu wa kiganja. Ukiitazama utasema ni mtu mnene anatafuta ufunguo. Ukiwa mbele yake ndipo utajua.

Inakili kwa mkono wako. Mtumie Zhenlu, useme umeitoa wewe. Itakwenda Muar irudi, na kutoka meza hii hadi kitanda chake ni hatua kumi na moja.

Suluan


Muar
14 Septemba 1984

Kwa ndugu yangu Kang Zhenlu,

Sehemu ya tatu ya Mwalimu wetu ni hii, hatua ishirini na nne, nimeiandika kwa mkono wangu. Ile niliyotuma mwanzo, ambayo dada yako alisema imeloa, ichome.

Siwezi kukwambia nimeitoa kwa nani. Niliombwa nikwambie kitu ambacho si kweli, na nimegundua kwamba vitu vya namna hiyo nimekwisha kusema vya kutosha. Nitakwambia tu kwamba aliyenipa alianza kuitazama mwaka 1932, na mimi nilipiga magoti 1933.

Kama unataka kujua umeipata au hujaipata, panga mabeseni saba uani mahali palipokuwa na mitungi. Ipige asubuhi, jua linapochomoza. Dada yako awe mlangoni. Akicheka, umekosea.

Gan Teng Kui


Houxi
25 Novemba 1984

Kaka Teng Kui,

Wewe ni msaliti, na nakuandikia kukushukuru.

Nilitoka asubuhi na ndoo, nikakuta mabeseni yetu yote uani, na mawili ya jirani. Zhenlu amesimama mgongo mlangoni. Hakunisalimu. Akapiga. Kwenye hatua ya kumi na tatu beseni la nne lilikwenda mpaka kisimani na kelele zake. Nilibana mdomo, lakini kicheko kilitokea puani.

Akauliza bila kugeuka, "Wapi?"

"Kisigino. Umekitua kabla kiuno hakijapita."

"Hivi?"

"Hivyo ni vya Dapu."

Hapo ndipo alipogeuka. Ana miaka hamsini na minne, alikuwa na uso wa siku ile alipoangusha kifuniko. Akasema, "Muda wote huo, Dada?" Nikamwambia apange mabeseni tena, jua linapanda. Tukaendelea hivyo wiki saba. Mkewe alikuwa anafulia mtoni na kutulaani wote wawili.

Tarehe ishirini alikuja Bwana Yao na watu wawili wa kuandika, na nyuma yao shemeji Xu na nusu ya Dapu, wamekuja kutupokea. Zhenlu akapiga zote tatu. Hakugusa kitu. Bwana Yao alisubiri kidogo, akauliza, "Imekwisha?" Alitarajia kuruka. Kisha akamwambia msaidizi wake, kijana mpana wa Quanzhou, ajaribu kumsogelea Zhenlu kati ya mabeseni. Kijana alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alikaa ndani ya beseni, na lilikuwa na maji.

"Sehemu hii ya tatu," Bwana Yao akasema, "nani alikufundisha?"

Tulikuwa tumekubaliana atasema Muar. Niliona anavuta pumzi aseme Muar. Akasema, "Dada yangu. Yule pale mwenye ndoo."

Halafu shemeji Xu, kama nilivyokwambia: "Huyo ni wetu! Mke wa marehemu ndugu yangu!"

Zhenlu akamwuliza, "Mlimfundisha nyinyi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi tuonyeshe hatua ya kwanza tu. Umeiona sasa hivi."

Xu alikwenda mlangoni, akakunjua mikono, akaangusha beseni la kwanza. Watu wake wenyewe ndio walioanza kucheka.

Sasa ya daftari, maana najua unangoja. Houxi imeandikwa Houxi, si tawi la mtu. Kwenye safu ya walimu pana nafasi ya "mwana" na nafasi ya "mwanafunzi". Bwana Yao alizungusha kalamu muda mrefu, akaandika: "Sehemu ya tatu ilihifadhiwa na familia." Nilimwuliza familia ndiyo nani. Akasema fomu zimechapishwa mkoani. Na Zhenlu alipomweleza juu ya mitungi, akasema mitungi haiwezi kuandikwa, itaonekana mzaha. Akatuuliza kama hatuna maelezo mengine. Zhenlu akampa bwawa lako. Limeandikwa kwa wino mweusi.

Kesho yake shemeji Xu alileta kuku wawili, akaomba "mke wa ndugu yetu" awe anakwenda Dapu mara moja kwa wiki. Kuku tumewala. Jibu sijampa.

Suluan


Muar
22 Desemba 1984

Dada Suluan,

Barua yako niliisoma mbele ya wanafunzi wote, pamoja na ile ya Julai yenye mitungi iliyovunjika. Niliwaambia mkia niliutunga mimi. Kumi na wanane waliondoka siku hiyohiyo. Wawili wamerudi kwa sababu wana mifupa inayouma. Nimeandika Ipoh, Medan na Surabaya. Wa Surabaya amejibu kwamba atabaki na mkia wangu, watu wake wameuzoea na una kuruka. Kwa hiyo elewa kwamba upo ulimwenguni, na utaendelea kuwepo, na hakuna mtakachoufanyia.

Waliobaki nimewanunulia mitungi saba kwa muuza mchuzi wa soya. Nimeipanga ukumbini kwa vipimo vyako. Siku ya kwanza ilivunjika miwili. Wa tatu nimeuvunja mimi, kwenye hatua ya kumi na tatu. Kisigino.

Wameniuliza bwawa liko wapi. Nimewaambia liko kwenye daftari la serikali.

Bwana Yao hana nafasi kwenye fomu yake, lakini mimi nina ukuta. Umetangulia mwaka mmoja kabla yangu, mambo ya magoti ni ya mchinja nguruwe. Jina lako limechongwa chini ya la Mwalimu, langu liko chini ya lako, na waliponiuliza kama mchongaji amekosea niliwatuma chai.

Nitakuja mwezi wa nne, miguu ikikubali. Naomba unisahihishe hatua ya kumi na tatu uani, mapema, kabla Zhenlu hajaamka. Mabeseni yatatosha. Na kama Dapu wanataka kujifunza, wafundishe. Kama sote tungefungiwa nje ya ua ule, leo ningekuwa najua kufunga mtungi tu.

Mdogo wako (miaka sitini na mitatu),
Gan Teng Kui